Fundi Aliyekuja Kunipima Sanda

Fizi zangu hazijawahi kutoa damu. Nakiri leo, maana kwa miezi minne niliwaambia watu wote kuwa wekundu wa kitambaa changu ulitoka kwenye fizi.

Kabla ya hapo nilikuwa mwanamke mnene, mwalimu wa sekondari mwenye digrii na maoni juu ya kila jambo. Kikaja kikohozi. Jioni homa, usiku jasho la kulowanisha godoro. Nikaanza kukonda, na miaka ile aliyekonda alikuwa amekwishahukumiwa na mtaa kuwa ana ukimwi. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, basi kila baada ya wiki mbili nikanunua sketi ndogo zaidi, watu wasione nguo ikining'inia. Hiyo ndiyo faida pekee niliyopata katika soko huria.

Siku nilipokohoa damu mbele ya darasa, mdogo wangu Kabula, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, alinipeleka hospitali.

"Ni fizi," nikamwambia daktari.

"Mwalimu, fizi hazikohoi."

Kilikuwa kifua kikuu. Dawa miezi minane. Katika juma la kwanza wanawake wawili wa wodi yetu walitolewa wamefunikwa shuka. Nikaacha kula, nikageukia ukuta.

Ndipo akaingia Bi Zaituni, fundi cherehani wa mtaani kwetu, futi yake shingoni. Yeye Mzaramo, sisi Wasukuma: watani. Msibani mtani huruhusiwa kumtania hata marehemu. Huyu hakusubiri. Alianza kunipima kutoka unyayoni.

"Nyoosha miguu, mchunga ng'ombe wee! Mita moja ya sanda inakutosha. Kitakachobaki nashona foronya."

Nikacheka, nikakohoa, nikatema, nikacheka tena. Kisha nikaomba uji.

Nilipopona, Jumapili moja alasiri nilisimama jukwaani kwenye ukumbi mmoja wa muziki Nyamagana, bendi ikipumzika, nikasimulia yote: fizi, sketi, sanda. Watu walicheka huku wakitazama glasi zao. Kabula, aliyekuwa amekwishahamia Kisesa, hakucheka. Aliinuka akikohoa ndani ya khanga. Nikamfuata nje.

"Umetuvua nguo, dada."

"Na hicho kikohozi?"

"Vumbi la Kisesa."

Nilijua si vumbi. Nilijua pia alikipata wapi: chumbani kwangu, katika miezi ile minne ya fizi. Nilikwenda Kisesa mara tatu, hakunifungulia mlango. Jukwaani sikurudi.

Namshukuru daktari, namshukuru Zaituni na ulimi wake. Wewe unayekohoa wiki ya tatu sasa, kapime makohozi. Usiwe msomi kama mimi. Maliza dawa hata ukijiona mzima, na usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya machungwa. Nilipoona wangu nilianza kuandika wosia.

Majuma sita baada ya siku ile ya ukumbini niliitwa kwenye simu, ofisini kwa mkuu wa shule.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Wodini. Wauguzi wameniazima simu. Nimeanza dawa jana."

Nikakaa chini, kwenye kiti cha mkuu wa shule.

"Sikiliza," Kabula akasema, akikohoa. "Kitanda cha jirani kuna mama wa Kizaramo, kageukia ukuta tangu juzi. Hali chochote. Hivi Zaituni alianza kukupima wapi, kichwani?"

"Unyayoni."

"Haya," akasema, akakata simu.