Nilivyomlilia Wakesho Akiwa Bado Angani

Mwenzenu siku hizi hata kanisani nakaa benchi ya nyuma, na bado watu wanageuka wananiangalia wakicheka, kwa hivyo afadhali niwaambie mimi kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Mwakio, maana yeye anaongezea chumvi.

Binti yangu Wakesho alikuwa anaenda New York kusoma. Tiketi niliisoma mwenyewe (nilisoma ukubwani, masomo ya jioni, na tangu hapo hakuna karatasi inanipita): inatoka Nairobi saa tano unusu usiku, inatua saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nikatoa hii kwa hii, masaa saba.

Baba Wakesho akasema, "Mama, si Amerika ni mbali? Basi ya hapa Voi mpaka Nairobi tu ni masaa sita."

"Basi inasimama Mtito watu wanywe chai. Ndege itasimama wapi?"

Akaenda zake kulisha kuku. Laiti angebisha!

Kina mama wa ushirika tukagawana usiku, kila mmoja na saa yake ya kuomba mpaka mtoto atue, zamu ya mwisho yangu. Kukapambazuka, nikasema amina, nikapiga simu. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Saa mbili nikatuma sauti kwa grupu nikilia, "Ndege ya Wakesho haijafika!"

Jameni, sisi hatuulizagi mara mbili. Mama Mwakio akaja na sufuria ya matanga, shemeji akateremka kutoka Wusi na gunia la viazi, shangazi yake Wakesho akatoka Maungu akilia njia nzima, "Wakesho wee, umetuacha!" Mtu fulani (hajakiri mpaka leo) akaweka picha ya mtoto mezani na maua. Pasta akaninong'oneza, "Mama, tumaini lipo, lakini tujiandae." Mimi nilikuwa nimekaa chini, leso kiunoni, namuuliza Mungu kwa nini hakunichukua mimi.

Saa nane mchana simu ikalia. Ya video.

"Mama! Nimetua sasa hivi! Huku ndio kunakucha."

Kumbe tiketi inaandika saa ya kule unakotoka na saa ya kule unakofika, kila moja kivyake, na safari yenyewe ni masaa kumi na nne, kilomita karibu elfu kumi na mbili! Kabla hata sijamshukuru Mungu, mtoto akachungulia nyuma yangu.

"Mama, mbona picha yangu iko na maua? Na huyo si shangazi?"

Shangazi kusikia hiyo sauti akapiga yowe, akaangukia gunia la viazi. Pasta akakohoa. "Basi, wapendwa, hii sasa ni ibada ya shukrani." Wakala, wakashiba, wakanicheka mpaka jioni.

Imani ninayo na kuomba nitaomba. Lakini nimeapa, nikiletewa tiketi tena nitauliza wenye kujua. Heri nione haya kidogo mbele ya mtu mmoja, kuliko aibu ya mtaa mzima, tena mtaa wenyewe umekuja na sahani.