Ndoo Moja kwenye Moto wa Magenga

Ualimu sikuusomea. Nilikuwa mzima moto wa mji hapa Kisumu, na miaka ya themanini ilipokaribia kuisha, chuo kimoja cha ufundi kikaniomba niwe nikifundisha sayansi ya moto Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Wanafunzi niliwafokea utadhani wao ndio waliounguza soko. "Ondoa joto, au hewa, au kile kinachoungua! Moja tu! Kwani ni ngumu?"

Aliyenipendeza zaidi alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mtu mzima, baba wa watoto, kifungua mimba kwao. Babake alipofariki, tulienda darasa zima kumpa pole, kule upande wa Pap Onditi, siku moja kabla ya mazishi. Akanivuta kando anisomee maneno ambayo angesema kaburini kwa niaba ya ndugu zake. Alikuwa ameyaandika usiku kucha. "Mwalimu, si marefu sana?" Nikamwambia asipunguze hata neno.

Nje ya nyumba ya marehemu, magogo ya magenga yalikuwa yanawaka. Mimi ni Mjaluo, sihitaji kufundishwa: moto huo wa matanga hauzimwi. Unaachwa ufe wenyewe.

Basi upepo ukavuma kutoka ziwani, ule wa alasiri wenye vumbi. Cheche zikaruka hadi kwenye nyasi za paa la nyumba ya mamake mwanafunzi wangu. Nikaona moshi. Naapa niliuona! Ndoo ya wapishi ilikuwa karibu, na mkono ukatangulia akili. Lakini mbona sikumwaga maji paani? Mbona niliyamwaga kwenye magogo? Hilo nimejiuliza mpaka nimechoka. Moto ukalia chwaa, majivu yakatapakaa, na wanawake wakaacha kuimba.

"Nani amefanya hii kitu?" aliuliza mzee mmoja, ndugu ya marehemu.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, mwanafunzi wangu akasogea mbele. "Ni mimi nilimwambia amwage, Baba."

Hakuniambia! Hata hakuwa karibu. Nikamtazama, naye hakunitazama. Mdomo wangu nikaufunga.

Wakauwasha upya. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba ya mama, nikapapasa nyasi za paa. Zilikuwa baridi. Nikamuuliza mwanafunzi mwingine kama aliona moshi.

"Mwalimu, ukisema ulikuwa moshi, basi ulikuwa moshi."

"Nakuuliza uliona nini, bwana!"

"Niliona vumbi."

Wazee wakavuta viti, wakajadiliana. Neno likatoka: mtu aliyeamuru moto wa babake umwagiwe maji hawezi kusimama kaburini kuwasemea wengine. Mdogo wake atasema. Kutoka nilipokuwa hadi kwenye vile viti ni hatua kumi, labda kumi na mbili. Mimi nimewahi kuingia stoo ya mafuta ya taa inayowaka, nikatoka na mtu mgongoni. Zile hatua kumi zilinishinda. Nilijiambia nitaongea wakimaliza chai. Halafu nikajiambia ni mambo ya ukoo, nisiyavuruge zaidi. Aibu, kwa kweli. Sijui ilikuwa woga au ni kuchanganyikiwa tu, na sijui kama kuna tofauti.

Kesho yake mdogo mtu akasimama kaburini bila kujiandaa. Akasema, "Baba, lala salama," akarudi kwa watu. Wakaanza kurudisha udongo.

Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu nami, mikono mgongoni. Nilidhani anaomba. Nilipomsikiliza vizuri nikajua anayasema yale maneno yake, taratibu, moja baada ya jingine, bila kupunguza hata moja. Nikasogea kando nisiyasikie.