Mwambie Aje kwa Miguu

Mwanangu Neema, kaa hapa, na hiyo simu iweke chini kidogo. Jumapili Elia aliponipakia kwenye gari lake kunipeleka Tunduma, nilikumbuka siku moja ya ujana wangu hapahapa Ihanda, nikacheka peke yangu mpaka mkaulizana bibi ana nini.

Lile gari tamu, sikatai. Kiti kinakukumbatia mgongo, kioo kinakuonyesha nyuma bila kugeuza shingo, muziki unausikia mpaka kwenye nyayo. Tulipokwama kwenye foleni ya malori ya mpakani nikaomba isiishe. Na wewe nilikuona, macho yanang'aa. Jana ukaniambia Elia anataka kuleta posa, nawe utakubali.

Sasa sikiliza. Enzi zangu kulikuwa na dereva wa lori la kahawa. Ni nani, nitakuambia mwisho, usinikatize. Honi ikilia kule bondeni, mimi natupa jembe, natimua mbio mpaka barabarani. Ananipandisha mbele, naona mashamba yote chini yangu, injini inanitetemesha mbavu, wenzangu wananitazama kwa kijicho. Nikaapa huyu ndiye mume wangu. Akaleta posa, nyumbani wakasubiri neno langu.

Honi ikalia tena, nikakimbia kama kawaida. Mlango ukafunguliwa na mzee mwenye kipara ambaye sijawahi kumwona. Dereva wangu alikuwa anaumwa malaria, tajiri wake kampa mwingine lori. Nilipanda, mwanangu! Nikawapungia watu mkono, moyo unadunda vilevile, na mpaka nashuka sikuwa hata nimeuliza mgonjwa anaendeleaje.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliyaona yote kutoka shambani, akanisubiri njiani. Hakunikaripia.

"Umependa, nimeona," alisema. "Ila hujui umempenda dereva au umelipenda lori. Mwambie aje kwa miguu."

Niliona aibu, nikaogopa pia. Je, akishuka chini akawa hana lolote, nami nimeshawatangazia wenzangu wote?

Alipopona akaja, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Kumbe alikuwa mfupi! Bila kuambiwa akashika mpini wa mashine ya kumenyea kahawa, akawa anazungusha huku ananisimulia mama yake alivyomuuguza, na jinsi anavyoogopa kushuka mlima akiwa na mzigo. Kwenye lori hakuwahi kuniambia hata moja, kelele za injini zilikuwa zinameza maneno. Tuliongea mpaka ndoo zote za kahawa zikaisha. Moyo haukudunda kwa fujo siku ile. Ulitulia tu, nikatamani asiondoke.

Nimelifikiria sana jambo hili. Gari linauchangamsha mwili, kwa mwendo, kwa mlio, kwa kule kutazamwa na watu. Mwili ukishachangamka unatafuta wa kumshukuru, na aliye karibu ni dereva. Magari haya ya siku hizi ndiyo yamezidi, mpaka yanaongea. Elia wa watu hana kosa, na huenda hata yeye angependa kujua kama ni yeye unayempenda.

Kwa hiyo simkatai. Mwambie Jumamosi aliache gari kwao, aje kwa miguu atusaidie kupukuchua mahindi. Jua likizama na bado hutaki aondoke, mkubalie, na harusini nitacheza mpaka mnishike. Ukiona unachungulia saa, mshukuru kwa lifti, muachane kwa amani.

Lile lori liliishia kuwa chuma chakavu kabla mama yako hajazaliwa. Dereva wake yuko hapo uani, anauliza chai yake iko wapi. Mpelekee babu yako, mwanangu, na Mungu akujalie mtu ambaye ukisikia tu hatua zake mlangoni utafurahi kuliko honi yoyote.