Alishika Ekzosi, Mumewe Akitoa Vikanyagio Vyake

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na baridi ya Machi bado inauma mjini Horsens, Denmark. Jytte Krogsgaard, 56, anapaka siagi kwenye mkate mweusi mumewe, Preben, anapomwita kutoka banda la pikipiki.

"Mama, njoo unishikie kitu mara moja."

Anajikongoja hadi huko. Preben amelala ubavu kando ya pikipiki yao nyekundu ya mbio, spana mkononi. Kikanyagio cha abiria cha kushoto kimeshatoka, kiko juu ya gazeti. Cha kulia kinamsumbua, maana chuma chake ndicho kinachobeba ekzosi, bomba la kutolea moshi. Bolti ikitoka, ekzosi itaning'inia.

"Kumbe unavitoa?" Jytte anauliza.

"Vya nini tena? Wewe hupandi. Na bila hivyo mkia unapendeza, kama za vijana."

Kwa miaka ishirini na miwili miguu iliyokaa pale ilikuwa ya Jytte. Kila kiangazi walivuka hadi milima ya Norway, yeye nyuma, magoti yamekunjwa karibu na kifua.

Jytte hufua shuka za hospitali. Agosti iliyopita toroli la shuka mbichi, kilo mia tatu, lilimbana ukutani likamvunja nyonga. Daktari alisema kutembea atatembea, ila pikipiki aisahau. Preben alikuwepo, akasikia, akaamini.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Tangu Januari, kila mapumziko ya chai, mkewe amekuwa akijificha chumba cha pasi, anapanda kreti, anainua goti, anajaribu kuchuchumaa. Mwenzake wa zamu, Nanna, hakumwacha salama.

"Bibi wee, unajifunza kupanda ngamia?"

"Ngamia mwekundu," Jytte alimjibu. Alitaka kumshtukiza mumewe Juni, aende naye Norway.

Bandani, Jytte anasogea karibu na pikipiki. Anachuchumaa. Anashuka mpaka chini kabisa, jambo ambalo kwenye kreti lilikuwa bado linamshinda, na anaishika ekzosi kwa mikono miwili. Preben hageuki. Macho yake yako kwenye bolti.

"Inua kidogo. Hapo hapo. Asante, mama."

Anafunga kishikizo kipya cha ekzosi, anarudi nyuma kuitazama kazi yake, anapiga mluzi. Jytte anainuka mwenyewe, taratibu, huku mumewe akinawa mikono.

Wiki mbili baadaye, mimi mwandishi namtembelea kazini na kumuuliza kwa nini hakumwambia mumewe.

"Ningesema nini? Mtu ameshaamua wewe ni mzigo, uanze kumwomba nafasi?" anasema, akikunja shuka bila kuitazama. "Iliniuma, na bado inaniuma. Angeniuliza tu. Neno moja."

Preben naye anadhani alimtendea wema. "Sikutaka awe anaviona kila siku akaumia," ananiambia. Anampenda mkewe, hilo halina ubishi. Lakini vikanyagio amevitia kwenye pipa la vyuma chakavu, na tayari amejiandikisha safari ya Juni na wanaume wenzake wa klabu.

Jytte bado anapanda kreti. Namuuliza sasa anatarajia nini.

"Nangoja siku akumbuke nilivyoshika ile ekzosi, ajiulize nilichuchumaaje."

Na asipokumbuka?

"Basi aendeshe peke yake. Si ndivyo alivyoitengeneza?"