Mashine Isiyojua Kungoja Marahaba

Nina hasira na mashine moja iliyoko Dar es Salaam, na najua ni upuuzi kuikasirikia mashine. Haina mama, haina baba, haijui kusalimia. Lakini acheni niseme.

Mimi ni fundi wa modemu za setilaiti, nina kiofisi hapa Mikumi na dishi juu ya bati. Vituo vyangu vimetawanyika: mizani ya miwa kule Kidodi, kambi moja ya watalii, na zahanati milimani juu ya Munisagara, ambako simu za kawaida hushika zikijisikia. Vyote hivyo vinagawana njia moja ya angani. Kila kituo kina kijia chembamba cha ujumbe, hicho hakifungwi, na kwa hicho mimi huingia kwenye modemu ya mlimani nikiwa nimekaa kitini na chai yangu. Lakini ukitaka kupiga simu, modemu inaomba njia pana kwa mashine kuu ya Dar. Inapewa. Ikinyamaza inanyang'anywa, anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Ni utaratibu mzuri, na nimeusifia sana mbele ya wateja.

Masika hii barabara ya kwenda Kilosa ilikatika, reli nayo ikafunikwa na tope. Ndipo akaja ofisini mpishi wa ile kambi ya watalii, mama wa makamo, kanga imelowa mpaka magotini. Baba yake alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya mlimani, na nesi alikuwa ametuma ujumbe kwamba mzee hafiki kesho. Nilimwambia akae, nampigia sasa hivi. Hakukaa. Akanieleza jambo ambalo nadhani hakupenda kumweleza mtu baki: aliolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka, na tangu siku hiyo mzee hajawahi kuitikia shikamoo yake. Akienda nyumbani anasalimia, mzee anatazama pembeni. Sasa hakutaka urithi wala maongezi marefu. Alitaka marahaba tu, ajue ana radhi ya baba yake kabla mzee hajafumba macho.

Niliomba njia, ikafunguka. Nesi wa kule, dada aliyepangiwa kazi akitokea Kagera, akasema anamwekea mzee simu sikioni.

"Shikamoo baba," binti akasema.

Kimya. Tukangoja. Kwetu huku nani anatamka neno la pili kabla mzazi hajaitikia la kwanza? Hata mimi niliizuia pumzi kwa adabu, mimi ninayeijua ile mashine ilivyo. Mzee naye, nadhani, alikuwa anajikusanya. Huko Dar mashine ikaona hakuna sauti upande huu wala ule, ikadhani simu imeachwa, ikaichukua njia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyeipanga ile mashine hakuambiwa.

Taa ya modemu ikabadilika. Nikaomba tena, nikajibiwa ningoje. Nikaingia kwenye modemu ya mlimani nikailazimisha iombe kutoka kule, nayo ikaambiwa ingoje. Nikampigia injinia wa zamu Dar na kumsemesha kwa ukali ambao mtu hamsemeshi nao mkubwa wake wa kazi. Nilipomwambia mama yule kwamba simu imekatika, alinitazama kama nimemtukana, na bado hakuitoa sikioni.

Njia iliporudi, sauti iliyokuja ilikuwa ya nesi. Alisema mzee ameongea. Ameongea kwa muda, simu ikiwa pale pale sikioni, kisha amelala na haamki tena akiitwa. Kasema nini? Hapo nesi akasema hajui. Mzee alikuwa amesema Kisagara kitupu, na yeye anajua Kihaya na Kiswahili.

"Hukushika hata neno moja?"

"Hata moja, dada. Nisamehe."

"Sauti yake ilikuwaje? Ya hasira?"

"Pumzi zilikuwa zimemwishia," nesi akasema. "Sauti ilikuwa ndogo tu. Siwezi kukudanganya."

Mama yule akamshukuru. Akanishukuru na mimi, jamani, na mimi! Nikamwomba angoje kidogo, huenda mzee akaamka, akasema hawezi. Wageni wamezuiwa na mvua, wako kambini kutwa nzima na wanataka chakula cha mchana. Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Mzee alifariki jioni ile ile, hakuwa amesema neno jingine.

Alipotoka nikatazama kwenye skrini njia yake ilikuwa imepewa nani. Walikuwa wale wale wageni wa kambini, wanawatumia wenzao video za tembo. Hawana kosa, walikuwa kwenye foleni. Naye alikuwa njiani, kwenye tope, anakwenda kuwapikia. Mpaka leo nakutana naye sokoni, ananiuliza kama nilipata kujua kwa nini simu ile ilikatika, nami namwambia ni mvua.