Shilingi Arobaini Zenye Tundu

Mkono wangu wa kushoto haunyooki. Mume wangu wa kwanza aliuvunja kwa mpini wa jembe, jirani akaufunga kwa vijiti, ukaunga vibaya. Nautaja mapema ili asitokee mtu wa kumwonea huruma yule bwana huko mbele. Mimi sikumwonea, na sasa nimezeeka, bado simwonei.

Alikuwa kapita wa reli, msimamizi wa kundi lililotengeneza njia ya treni kutoka kwetu Elisabethville hadi Sakania, mpakani mwa nchi ya Waingereza ya kusini. Wakati aliponioa, nchi yetu ilikuwa na kichekesho chake: bendera ilikuwa ya Wabeleji, pesa zilikuwa za Waingereza. Treni ilitoka kusini, unga ulitoka kusini, na shilingi zikaja pamoja na unga. Hata padri wa Kibeleji alipopitisha kapu la sadaka, kilichogonga chini ya kapu ni kichwa cha mfalme wa Waingereza. Mahari yangu ilikuwa shilingi arobaini. Baba yangu mdogo, aliyenilea, alizipokea juu ya mkeka, na hakuna aliyeuliza pesa hizi ni za nani.

Kisha Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali, akaona aibu kuishi kwa pesa ya jirani. Ikatangazwa kwamba shilingi basi, sasa ni franga tu, mwenye shilingi akabadilishe. Baba mdogo alizipeleka zangu akarudi na franga za karatasi na vijisenti vyenye tundu katikati. Lakini wanawake wengi wa cité, mtaa wetu sisi weusi, hawakwenda. Walizificha kwenye vyungu vya unga wakingoja Bulamatari abadili mawazo, maana ni nani aliyewahi kusikia fedha inakufa? Siku zikapita, wenye maduka wakazikataa, mlango wa kubadilishia ukafungwa. Basi wakazitoboa, wakazitunga kwenye uzi, wakazivaa shingoni. Jumapili kanisani ungesikia mali iliyokufa ikilia vifuani mwa watu.

Mwaka huohuo ndio nilipovunjwa mkono. Kosa langu lilikuwa kumwuliza mshahara umekwenda wapi. Nikakimbilia kwa baba mdogo, wazee wa pande zote mbili wakaitwa. Kwa desturi yetu, mke akiondoka mahari inarudi. Baba mdogo akaweka franga juu ya mkeka, zote, na kuku juu yake. Mume wangu hakuzigusa.

"Mi nilitoa shilingi," alisema. "Banirudishie shilingi. Hii franga yenu, moya ni karatasi, ingine iko na tundu sawa kifungo ya shati. Mi siko na kazi nayo."

Alijua alichokuwa akifanya. Ng'ambo ya Sakania shilingi ilikuwa hai bado, na franga ilikuwa inashuka kila ukiitazama. Huku kwetu shilingi nzima zilikuwa zimeadimika. Kwake ilikuwa faida tupu: akipata shilingi, ametajirika, akizikosa, amenipata mimi, na mkono wa pili wa kuvunja. Wazee wakaamua kwamba neno lake ni la haki. Nikae kwa baba mdogo mpaka mvua ya kwanza. Shilingi arobaini zisipotimia, nirudi kwa mume wangu.

Hapo nikaomba kusema. Niliinamisha kichwa, nikalainisha sauti, unyenyekevu ambao hadi leo unanichefua.

"Bwana, sema mbele ya bakubwa ni shilingi ya namna gani, nisikosee. Miye niko mwanamuke tu."

Akacheka. Alipenda kuombwa. "Fedha ya kweli. Kichwa ya mufalme kwa kila moya. Arobaini. Basi, siulizi kingine."

"Bakubwa, mumesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

Wakati ule sikuwa na hila yoyote, naapa. Niliogopa tu asije akaongeza sharti jingine.

Nikaanza kupika munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi, na kuiuza karibu na stesheni. Kwa franga ulipata kikombe. Kwa shilingi, kibuyu kizima, na tabasamu juu yake. Walioshuka kutoka kusini walikuwa nazo moja moja mfukoni, na niliwachekea wote, wazuri kwa wabaya, mkono wangu ukiwa bado kwenye vijiti. Miezi ya baridi ilipokwisha nilikuwa na kumi na tisa. Joto likapanda, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Luano, na kila yaliponguruma nilizihesabu upya.

Walioniokoa ni wanawake. Habari ilikuwa imezunguka cité nzima, na jioni moja wakaja mmoja mmoja, mke wa dobi kutoka Kasai, mjane wa mchimba shaba, wengine niliowajua kwa sura tu. Kila mmoja alikata uzi shingoni, akaniachia shilingi moja au mbili. Zilipokwisha kuwekwa zilikuwa ishirini na moja, zote zimetobolewa. Walipoondoka nililia. Nilijua ng'ambo hakuna mwenye duka atakayepokea shilingi yenye tundu. Mume wangu naye angejua.

Kisha nikakumbuka maneno yake. Fedha ya kweli, kichwa cha mfalme, arobaini. Siulizi kingine. Nikaacha kulia kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sasa mtu mwema angelipa kumi na tisa nzima na ishirini na moja zilizotobolewa, akamshukuru Mungu. Mimi asubuhi nilizichukua zile kumi na tisa, nzuri, zinang'aa, nilizozichekea miezi mitano, nikazipeleka kwa fundi mmoja wa karakana ya reli. Nikamwomba azitoboe.

"Mama, utaziua," alisema.

"Ndiyo nataka. Pitisha kwa shingo ya mufalme, kichwa ikae muzima."

Alizitoboa zote akakataa malipo. Baadaye fundi huyo alinioa, na alitoa mahari kwa franga.

Wazee walikaa siku mbili kabla ya mvua. Mume wangu alikuja na koti, na kifuko cha ngozi cha kutilia mali yake. Baba mdogo alizimimina mkekani, nikaona uso wake yule bwana unavyobadilika. Sijala chakula kitamu kama uso ule.

"Ziko na tundu!"

Mzee mkubwa aliinua moja kwenye mwanga. "Fedha?"

"Fedha, lakini..."

"Kichwa ya mufalme iko?"

"Iko, lakini..."

"Ni ngapi?"

Alizihesabu mara mbili. Arobaini.

"Bwana kapita," mzee akasema, "sharti ni ya mudomo yako, sisi hatukuongeza kitu." Akaniambia niende zangu. Wahenga walisema: akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nusu ya kwanza niliiimba njia nzima hadi nyumbani.

Nusu ya pili ilinijia mwaka uliofuata, kwenye meza yangu ya munkoyo. Watu wa treni walikuwa wamenichekesha tayari: ng'ambo yule bwana alifukuzwa kwenye maduka matatu na shilingi zake. Halafu mbele yangu akasimama binti mgeni, Kiswahili chake bado cha kaskazini, mdomo umevimba. Shingoni alikuwa na mkufu wa shilingi, zote zenye tundu, na karibu nusu ya wafalme wametobolewa shingo. Sikuhitaji kuzihesabu.

"Nani alikupa hizi?"

"Ni mahari yangu, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa. " Bwana aliapa mbele ya baba kama ni fedha muzuri. Baba akanivika zote, bantu ba mujini baone nimeolewa kwa fedha."

Basi kisasi changu kilikuwa kimemwolea mke. Nilikuwa nimeshangilia mwaka mzima, na huyu mtoto alikuwa ananilipia kwa mdomo wake. Nilisikia haya, na kusema kweli haya ile ilinipandisha hasira kuliko mkono.

Nikamkalisha, nikamjazia kibuyu.

"Unapenda kubaki kwake?"

Alitikisa kichwa, akaanza kulia. "Siko na kitu ya kumurudishia."

"Mwanangu," nikamwambia, "unaivaa."

Tuliwaita wazee walewale. Baba yake alishuka kutoka kaskazini kwa treni, akaukata ule uzi kwa meno mbele yao. Mume wetu alifungua kinywa kuzikataa, mzee mkubwa akamwuliza kama si yeye aliyeapa kwamba ni fedha nzuri, naye akafungua kifuko chake. Hapakuwa tena na baba mwenye binti, kusini wala kaskazini, ambaye hakuisikia hadithi ile.

Nilikuwa nimekaa nyuma, nimepakata mkono wangu, nikamtazama anavyozipokea mara ya pili, moja moja, zote arobaini.