Perege wa Iyunga Aliyekatwa Pezi

Ikupa aliajiriwa mwaka 1973 kulisha samaki kwenye mabwawa ya Iyunga, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Kuchungulia hadubini haikuwa kazi yake hata kidogo. Lakini Kalinga, bwana samaki aliyehamia kutoka Iringa, hakuwa mtu wa kubania kitu, na siku moja alimwachia kiti. Ikawa ndiyo basi. Tangu hapo mama wa watu akawa anaunguza maharage kwa mawazo.

Mwaka huo ugonjwa wa vidonda ulifagia bwawa zima la perege, akabaki jike mmoja tu. Ikupa akamkata ncha ya pezi asije akampoteza atakapochanganywa na wengine. Kila alipochanganya tone la damu yake na maji yenye vijidudu vya ugonjwa, aliviona vinashikamana na kutulia kama maziwa yanavyoganda. Damu ya perege wa mabwawa mengine haikufanya lolote. Akiinua macho, ukungu umelala juu ya maji, alijihisi anaelea mlemle ndani ya tone, na kitu kisicho na macho kinampapasa taratibu kijue kama ni mwenyeji au mgeni. Hakutamani kutoka.

"Mle kuna kitu kinachomtambua mdudu," Kalinga alisema. "Ila sijui, dada Ikupa, kazaliwa nacho au kakipata kwa kuugua. Tupate watoto wake, ambao ugonjwa hawajauona."

Wakamtilia dume. Mwezi Novemba jike akaacha kula, mashavu yakavimba. Alikuwa amebeba mayai mdomoni, ndivyo perege walivyo.

Wiki hiyohiyo mzee Jailos, baba mkwe wa Ikupa, akaja kutoka Tukuyu kuwatembelea nyumbani kwao kando ya mabwawa. Ikupa alikimbilia nyuma ya stoo, maana kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Mumewe alikuwa ameenda dukani kutafuta sukari. Mzee, asiyejua kukaa bure, akazunguka mabwawa, akamwona samaki aliyekonda, mashavu yamevimba, pezi limekatika.

"Huyu ataambukiza wenzake," alijisemea kwa huruma. Akamvua kwa wavu, akachomoa kisu.

Ikupa alikiona kisu kutoka kule nyuma ya stoo. Kisha akatoka, akamkazia mzee macho.

"Baba! Usimuue!"

Samaki alianguka majini. Mzee alijifunika koti usoni, akaondoka bila hata kunywa chai.

Mumewe alimnunia wiki mbili, akapeleka ng'ombe wa kuomba radhi. Ikupa alilia sana, kwa kuwa yule mzee alimpenda, naye alimpenda vilevile. Watoto wa samaki walipokua, Ikupa na Kalinga wakawatoa damu, wakaichanganya na maji yenye vijidudu. Vijidudu vikashikamana. Kalinga aliruka juu akipiga makofi, wamezaliwa nacho! Ikupa alitabasamu tu. Aliyetaka kumpa habari hiyo ni mzee Jailos, na hakuruhusiwa kusema naye.

Mwaka uliofuata Jailos alirudi. Alisimama nje ya jiko, mgongo kwenye mlango.

"Wewe ukuta," aliuliza, "yule samaki mgonjwa alizaa?"

Ndani, Ikupa aliinamia sufuria. "Sufuria, mwambie alizaa. Hakuwa mgonjwa. Na watoto wote wamechukua damu yake."



"Ndaga fijo," mzee akaushukuru ukuta, kisha akaomba chai.